Simuleta ya Gofu Nyumbani kwa Wachezaji wa Kulia na wa Kushoto: Ulinganisho wa Vyumba na Vifaa

Mtu anayejenga simuleta ya gofu, yaani chumba cha kupigia mpira halisi kwenye skrini huku kifaa kikiupima na programu ikionyesha unakokwenda, kwa ajili yake peke yake huwa na maswali machache: chumba kina urefu gani, dari iko juu kiasi gani, na mfuko unaruhusu kifaa cha aina gani. Mchezaji wa pili akija na kusimama upande wa pili wa mpira, majibu ya maswali hayo hubadilika, kwa sababu nafasi ya kuzungushia fimbo, mahali pa kifaa, pa projekta na pa wavu wa kukinga, vyote vilivyopangwa kwa upande mmoja, sasa hulazimika kuhudumia pande mbili. Makala haya yanalinganisha njia za kupanga chumba na aina za vifaa vya kupimia mpira kwa manufaa ya mtu ambaye nyumbani kwake, au miongoni mwa wageni wake wa kawaida, wamo wachezaji wa kulia na wa kushoto. Naweka msimamo wangu wazi mapema: upana wa chumba ndio unaopaswa kuamua kwanza, kisha jinsi wachezaji wanavyopokezana zamu, na kifaa kichaguliwe baada ya hayo mawili kujulikana. Wanaoanza kwa kununua kifaa ndio wanaoishia kubomoa sakafu au kutoboa dari mara ya pili.

Kabla ya kupima chochote, inafaa kujua kwa hakika nani anapiga upande gani, na swali lenyewe liulizwe kuhusu gofu, wala si kuhusu mkono wa kuandikia. Phil Mickelson, aliyeshinda mashindano ya Masters mara tatu akipiga kwa upande wa kushoto, hutumia mkono wa kulia katika karibu mambo mengine yote. Alijifunza akiwa mtoto kwa kusimama mbele ya baba yake na kumwiga ana kwa ana. Wapo pia mashoto wengi wanaopiga gofu kwa upande wa kulia, pengine kwa sababu fimbo walizozikuta zilikuwa za upande huo. Familia inaweza kuwa na mashoto wawili na isihitaji chumba cha pande mbili hata kidogo.

Upana wa chumba

Ukisimama nyuma ya mpira ukiitazama skrini, mchezaji wa kulia husimama upande wa kushoto wa mpira, na mchezaji wa kushoto husimama upande wa kulia. Fimbo ndefu kuliko zote, yaani draiva, inapozungushwa hupita mbali nyuma ya mgongo wa mchezaji, ndiyo maana nafasi kati ya mpira na ukuta ulio mgongoni mwake inapaswa kuwa takriban mita 2.2, na mtu mrefu atahitaji zaidi. Upande wa pili wa mpira, ambako hakuna mtu, mita 1.2 hadi 1.4 hutosha. Kwa mchezaji wa upande mmoja, basi, chumba chenye upana wa mita 3.4 hadi 3.6 hufanya kazi vizuri ikiwa mpira hautawekwa katikati bali utasogezwa upande ulio mkabala na mchezaji.

Kwa wachezaji wa pande zote mbili zipo njia tatu, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye mchoro.

Njia ya kwanza ni kuweka mpira katikati kabisa, wachezaji wote wakautumia mkeka mmoja na alama moja ya kupigia. Kila upande unahitaji mita 2.2, kwa hiyo chumba hakipaswi kupungua mita 4.4, na mita 4.6 humpa mgeni asiyekizoea chumba utulivu wa kupiga bila kuuwazia ukuta. Hii ndiyo njia bora kwa mbali. Skrini, projekta, mkeka na kifaa hupangwa kwenye mstari mmoja wa katikati, na hakuna kinachosogezwa mchezaji anapobadilika.

Njia ya pili hutumika chumba kinapokuwa chembamba: mchezaji wa kulia hupiga kutoka alama iliyosogezwa kulia, na wa kushoto kutoka alama iliyosogezwa kushoto. Tuchukue chumba chenye upana wa mita 3.6. Alama ya mchezaji wa kulia itakuwa mita 2.2 kutoka ukuta wa kushoto, yaani sentimita 40 kulia kwa mstari wa katikati. Ya mchezaji wa kushoto itakuwa sentimita 40 upande wa pili. Na kati ya alama hizo mbili kutakuwa na sentimita 80. Watu wanaingia na chumba kinatosha, lakini tatizo linahamia kwenye picha. Ikiwa skrini iko mita 3 mbele ya mpira na bendera ya shimo, yaani shabaha, imechorwa katikati ya skrini, mpira uliopigwa sawasawa utaigonga skrini sentimita 40 pembeni mwa bendera, ilhali mchezaji anayeielekea bendera kwa macho yake atakuwa amegeuka kwa nyuzi zipatazo 7.6. Kwenye pigo la mita 200, nyuzi hizo ni sawa na kukosea shabaha kwa takriban mita 27. Programu kadhaa za simuleta huruhusu kukisogeza kitovu cha picha kikae mbele ya mpira, na mpangilio huo hulimaliza tatizo kwa mchezaji mmoja. Kwa wawili wanaopokezana, jambo la kuchunguza kabla ya kununua programu ni kama mpangilio huo huhifadhiwa kwa kila mchezaji au kwa chumba kizima, kwani ukiwa wa chumba kizima, mmoja wao atacheza kila shimo akiwa amepinda.

Njia ya tatu haitajwi sana, nayo inafaa chumba kipana sana: alama mbili zinawekwa kinyume cha zile za njia ya pili, ya mchezaji wa kulia ikiwa upande wa kushoto na ya mchezaji wa kushoto ikiwa upande wa kulia, na kifaa kinakaa katikati yao. Sababu ya kufanya hivyo itaonekana tutakapofika kwenye kamera za pembeni. Gharama yake ni upana, kwa kuwa mita 2.2 kila upande, pamoja na takriban mita 1.1 kati ya alama mbili, hufikisha mita 5.5.

Kuhusu dari sitakawia. Mita 2.75 ni kiwango cha chini kwa watu wengi wanaotaka kupiga draiva, na mita 3 ni raha. Jambo moja tu huwaponyoka wengi: reli ya mlango wa gereji, boriti au taa ambayo fimbo ya mchezaji wa kulia haijawahi kuikaribia inaweza kuwa palepale inapopita fimbo ya mchezaji wa kushoto. Dari ikaguliwe pande zote mbili za mpira, draiva ikizungushwa polepole na mchezaji halisi wa kila upande. Mtu wa kulia anayejaribu kuiga mzungusho wa kushoto hapati njia ileile ya fimbo.

Kifaa cha kupimia mpira

Vifaa vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani vinagawanyika katika makundi matatu makubwa kulingana na mahali vinapokaa, na mahali hapo ndipo panapoonyesha jinsi kila kimoja kinavyowatendea wachezaji wa mikono miwili.

Kundi la kwanza ni kamera zinazokaa sakafuni pembeni mwa mpira, kama SkyTrak, Bushnell Launch Pro, na GC3 na GCQuad za kampuni ya Foresight. Hupiga picha za kasi kubwa mara tu mpira unapoguswa, kisha hukokotoa kasi, pembe na mzunguko wake. Kwa kuwa hazihitaji kuutazama mpira ukisafiri mbali, zinafaa sana vyumba vifupi: mita 3 kutoka mpira hadi skrini, nafasi kidogo nyuma ya skrini, na nafasi ya kuzungushia fimbo nyuma ya mpira, na kazi imekwisha. Usahihi wake ndani ya nyumba unaheshimika, na nikiulizwa na mchezaji anayecheza peke yake katika chumba kifupi, hizi ndizo nitakazomtajia kwanza.

Shida ni kwamba kamera ya pembeni humtazama mchezaji uso kwa uso. Kwa mchezaji wa kulia hukaa upande wa kulia wa mpira, sentimita chache zaidi ya nusu mita kwa GCQuad, na hapo ndipo hasa miguu ya mchezaji wa kushoto inapotakiwa kusimama. Hakuna namna ya kulikwepa hilo: lazima kifaa kiinuliwe, kivushwe upande wa pili, kigeuzwe, kilinganishwe upya na mstari wa shabaha, na programu ielezwe kwamba sasa anapiga mtu wa kushoto. Mara moja kwa jioni, hakuna mtu atakayelalamika. Wawili wakipokezana katika raundi ya mashimo 18, hata wakikubaliana kwamba kila mmoja atamaliza shimo lake ndipo mwenzake aanze, kifaa kitavushwa angalau mara moja katika kila shimo. Wakicheza kwa kufuata desturi ya uwanjani, ambapo aliye mbali zaidi na bendera ndiye hupiga, kitavushwa mara nyingi kuliko hapo. Kila kivusho ni nafasi ya kukosea ulinganifu. Kifaa kikielekezwa pembeni kwa nyuzi 2 tu, mpira ulionyooka utaonekana kwenye skrini ukienda pembeni kwa takriban mita 7 katika pigo la mita 200, na mchezaji ataanza kurekebisha kosa asilokuwa nalo.

Wanaoshikilia kamera ya pembeni hata hivyo wana mbinu mbili. Ya kwanza ni kuchora mistari ya kudumu sakafuni, au kutengeneza vibao viwili vyenye nafasi ya kifaa vilivyopigiliwa sambamba na mstari wa shabaha, ili kifaa kitue mahali pamoja kila mara bila kubahatisha. Ya pili ndiyo ile njia ya tatu ya kupanga chumba: kifaa kikae katikati, mchezaji wa kulia apige kutoka kushoto kwa kifaa na wa kushoto kutoka kulia kwa kifaa, na badala ya kubebwa, kigeuzwe tu nusu duara juu ya kibao chake. Ni mpango mzuri wenye sharti gumu la upana. Kununua vifaa viwili ni jibu la tatu, ila kwa bei za kundi hili, fedha hizo kwa kawaida zinatosha kuhamia kwenye kundi jingine kabisa.

Kundi la pili ni rada zinazokaa nyuma ya mpira, kwenye mstari wa shabaha, kama Garmin Approach R10, FlightScope Mevo+ na, kwa mwenye mfuko mzito, TrackMan 4. Kwa kuwa rada iko nyuma na katikati, haijali nani amesimama upande gani. Mchezaji wa kulia akitoka na wa kushoto akaingia kwenye alama ileile, hakuna cha kuinuliwa wala kulinganishwa. Kinachobaki ni kumchagua mchezaji kwenye programu na kuhakikisha upande wake umeandikwa sawasawa. Hatua hiyo isidharauliwe. Njia ya fimbo ya mchezaji wa kushoto ni kinyume cha ile ya mchezaji wa kulia, na mpira unaopinda kulia ni kosa moja kwa huyu na kosa tofauti kwa yule, kwa hiyo takwimu za fimbo zilizosomwa kwa upande usio wake humpotosha anayezitumia kufanyia mazoezi.

Rada hudai urefu wa chumba. R10 hukaa takriban mita 1.8 hadi 2.4 nyuma ya mpira, Mevo+ hukaa katika umbali unaokaribiana na huo, na mbele ya mpira zote mbili huhitaji angalau mita 2.4 za kuutazama mpira ukiruka kabla haujaigonga skrini. Ukijumlisha na nafasi ya nyuma ya skrini, unahitaji chumba cha mita 5 na zaidi, na kila sentimita inayoongezwa mbele ya mpira huipa rada muda zaidi wa kusoma. Mzunguko wa mpira ndio kipimo kinachosumbua rada zaidi katika umbali mfupi, na ndiyo sababu watumiaji wa ndani hubandika stika ndogo za metali kwenye mpira au hununua mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya rada, kama ile ya Titleist yenye alama ya RCT.

Kundi la tatu ni kamera za darini: EYE XO na EYE XO2 za Uneekor, GCHawk ya Foresight, TrackMan iO na nyinginezo. Hufungwa juu, mbele kidogo ya mpira, na kuutazama uwanja wa kupigia kutoka juu, hivyo humwona mchezaji wa kulia na wa kushoto kwa usawa. Hakuna kinachokaa sakafuni, kwa hiyo hakuna cha kukanyagwa, kujikwaa wala kugongwa na fimbo. Kwa nyumba yenye wachezaji wa mikono yote miwili wanaocheza pamoja mara kwa mara, nasema bila kusita kwamba hili ndilo kundi linalofaa, ikiwa fedha ipo na dari inaruhusu.

Masharti hayo mawili ni mazito. Bei ziko juu ya kamera nyingi za pembeni na mbali kabisa juu ya rada ndogo. Urefu wa kufungia hutofautiana kati ya kifaa na kifaa, lakini vingi hutaka takriban mita 2.7 hadi 3 kutoka sakafuni, na dari iliyo chini ya hapo huufinya uwanja wa kupigia unaoonekana na kamera. Kikishafungwa kimefungwa: R10 unaitia mfukoni na kwenda nayo uwanjani, GC3 unaibeba kwa mkono, ila kifaa cha darini hubaki nyumbani. Vilevile uwanja wake wa kupigia una mipaka. Zile alama mbili zilizoachana kwa sentimita 80 katika chumba cha mita 3.6 zinaweza kabisa kutoka nje ya eneo ambalo kifaa kinaliona, na mnunuzi akagundua kwamba amelipia uhuru ambao chumba chake hakiwezi kuutumia. Vipimo vya eneo hilo huandikwa kwenye maelezo ya kila kifaa. Visomwe mkononi kukiwa na futikamba.

Lipo pia kundi dogo la mikeka yenye vihisi vya infraredi, kama OptiShot 2, ambayo husoma mwendo wa fimbo bila kuupima mpira wenyewe. Hubadilishwa upande kwa kubonyeza tu kwenye programu. Kwa watoto na burudani inatosha. Kwa mazoezi ya kweli sitaipendekeza.

Chumba gani, kifaa gani

Chumba kikiwa na upana wa mita 4.4 au zaidi, urefu wa mita 5.5 na dari ya mita 2.75 kwenda juu, kila kundi linaweza kuingia na uamuzi unabaki kwenye bei. Hapo, kati ya rada ya bei nafuu na kamera ya pembeni ya bei ya kati, ningechukua rada kwa nyumba ya mikono miwili, hata kama mzunguko wa mpira utapimwa kwa uhakika mdogo zaidi. Jioni ya michezo iliyokatizwa kila dakika chache kwa kuhamisha kifaa huwachosha watu, na simuleta isiyochezewa haina usahihi wowote wa kujivunia. Mchezaji mmoja wa kulia anayefanya mazoezi kila siku, na shemeji wa kushoto anayekuja mara moja kwa mwezi, ni hali nyingine kabisa: kamera ya pembeni ibaki, na siku ya mgeni ivushwe kwa subira.

Chumba kikiwa kipana lakini kifupi, chini ya mita 5, rada inaondoka kwenye orodha. Shindano linabaki kati ya kamera ya darini na kamera ya pembeni yenye vibao vya kudumu, na dari ndiyo inayoamua.

Chumba chembamba cha mita 3.6 chenye urefu wa kutosha ndicho kigumu zaidi. Rada inayosogezwa sentimita 80 kulia au kushoto juu ya reli iliyofungwa sakafuni, ikibaki imeelekea sambamba na mstari uleule wa shabaha, ndiyo suluhisho ninaloliona kuwa na akili kuliko mengine, mradi programu iweze kukisogeza kitovu cha picha kwa kila mchezaji. Chini ya mita 3.4, shauri langu ni kuachana na draiva kwa mmoja wao, au kuachana na mpango wa pande mbili.

Mkeka, wavu na projekta

Mkeka wa mchezaji mmoja huwa na kipande cha kupigia upande mmoja na cha kusimamia upande wa pili. Kwa wawili wanaotumia alama ya katikati, kipande cha kupigia kinapaswa kuwa katikati, na sehemu za kusimamia pande zote mbili ziwe za kimo kimoja na kipande hicho. Tofauti ya sentimita 2 kati ya miguu na mpira hubadilisha pigo, na ni rahisi kuiacha upande wa kushoto kwa kuwa mwenye nyumba hasimami huko. Kipande cha katikati kiwe cha kutolewa na kubadilishwa, maana kitachakaa kwa kasi ya wachezaji wawili.

Wavu wa kukinga hukosewa mara nyingi zaidi. Mpira unaogongwa na shingo ya fimbo badala ya uso wake huchomoka kwenda kulia kwa mchezaji wa kulia, na kwenda kushoto kwa mchezaji wa kushoto. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya mtu wa kulia huwa na wavu imara upande wa kulia, huku upande wa kushoto ukiwa na pazia jepesi, rafu au televisheni. Kwa wachezaji wawili, kinga iwe sawa kila upande, ianzie kwenye skrini na kurudi nyuma hadi karibu na usawa wa mpira, na anayesubiri zamu akae nyuma, upande ulio mbali na skrini na nje ya njia ya fimbo, kamwe asikae ubavuni.

Projekta nayo ina mgogoro wake na kamera ya darini. Projekta ya umbali mfupi yenye uwiano wa 0.5 (umbali wake kutoka kwenye skrini ukigawanywa kwa upana wa picha) hutoa picha ya upana wa mita 4 ikiwa mita 2 tu kutoka kwenye skrini. Mpira ukiwa mita 3 kutoka kwenye skrini, projekta hiyo inaangukia mita 1 mbele ya mpira, na hapo ndipo, kwa kukaribia sana, kifaa kama EYE XO kinapotakiwa kufungwa. Viwili haviwezi kukaa mahali pamoja, na katika chumba cha mtu mmoja ungesogeza projekta upande asikosimama mchezaji. Katika chumba cha pande mbili, upande huo haupo. Kinachowezekana ni kuchagua projekta yenye uwiano tofauti ili isogee mbele au nyuma ya kifaa kwenye mstari wa katikati, au kuifunga pembeni kidogo na kuinyoosha picha kwa mpangilio wa projekta wenyewe, kisha mtu wa kulia na wa kushoto wasimame mmoja baada ya mwingine, wanyanyue draiva hadi juu kabisa, na kuhakikisha kwamba hakuna kivuli cha mtu kwenye skrini wala ncha ya fimbo inayofika kwenye projekta. Ukaguzi huo ufanyike projekta ikiwa bado imeshikiliwa kwa ngazi na mtu, kabla dari haijatobolewa.